Barua ya wazi kwa wadhamini: Ibandueni saruji kabla ukuta haujaketi chini

Devon, Uingereza
Novemba 2025

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini mnaomiliki nyumba ninayopanga

Nakala: Afisa wa majengo ya kihistoria, halmashauri ya wilaya

YAH: SARUJI KWENYE KUTA ZA UDONGO, NA PAA MNALOTAKA KULIVUA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wenu. Huu ni mwaka wa tisa nakaa katika nyumba hiyo na mume wangu na watoto wetu wawili. Tangu Machi 2022 nimewaandikia barua sita kwa Kiingereza, zote za faragha, nikiamini kwamba jambo la nyumba humalizwa ndani ya nyumba. Mbili hazikujibiwa. Tatu zilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala linashughulikiwa. Ya sita ilijibiwa na wakala wenu, akanishauri nifungue madirisha nikipika na nisianike nguo ndani. Baada ya hapo sikuona mlango mwingine wa kubisha isipokuwa huu wa hadharani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria, na kwa sababu wapo Waswahili wenzangu wanaopanga nyumba kuukuu hapa Uingereza, nao huambiwa hayo hayo ya nguo na madirisha. Tafsiri ya Kiingereza mtaipata kwa posta.

Kabla ya malalamiko, niruhusuni niwaeleze nyumba ninayoisemea, maana kwa majibu mliyonipa nahisi baadhi yenu hamjawahi kuingia ndani yake.

Ni nyumba ya udongo. Ukiitazama kutoka barabarani unaona kuta nyeupe zilizonenepa, kona zake za mviringo, madirisha madogo yaliyozama ndani, na paa la mabua ya ngano lililoshuka mpaka juu tu ya madirisha ya ghorofani. Ukuta una unene wa sentimita 75. Binti yangu hupanda dirishani na kitabu chake, akakunja miguu, na nafasi ya kikombe ikabaki. Waliojenga walichimba udongo hapo hapo kiwanjani, wakauchanganya na maji na mabua, wakaukanyaga kwa miguu na kwa kwato za ng'ombe, kisha wakaupandisha kwa uma juu ya msingi wa mawe. Hakuna fito wala nguzo ndani yake kama kwenye nyumba zetu za kukandika. Ni udongo mtupu uliojibeba. Walipandisha tabaka la kama nusu mita, wakaliacha likauke wiki mbili au zaidi, ndipo wakapandisha jingine. Watu wa Devon huita ukuta huo kobu, na wazee wao husema: upe kofia nzuri na viatu vizuri, utadumu milele. Kofia ni paa lenye upenu mpana. Viatu ni ule msingi wa mawe unaouinua udongo usiguse ardhi yenye maji.

Ndani imepangwa kama nyumba nyingi za kale za huku: ujia unaokata katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, sebule upande mmoja, chumba cha kazi upande wa pili. Ile sebule ilipojengwa haikuwa na dari wala dohani. Moto uliwashwa sakafuni katikati ya chumba, moshi ukapanda na kupenya kwenye mabua ya paa. Dohani na ghorofa viliingizwa baadaye.

Nami nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mtoto wa fundi wa chokaa. Wakala wenu aliniuliza siku moja, naamini kwa nia njema, kama nyumba ya udongo hainikumbushi kwetu. Inanikumbusha sana. Baba alikuwa akiingia katika nyumba ya mtu, kabla hata ya kukaa, anapita akigonga kuta kwa vifundo vya vidole. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa hujibu kwa sauti fupi, nzito. Ukijibu kama ngoma, alikuwa akisema, saruji imeshaachana na mwili. Nimezigonga kuta zenu zote. Upande wa kaskazini na wa magharibi unalia kama ngoma kutoka usawa wa goti mpaka kifuani.

Haya ndiyo ninayolalamikia.

1. Saruji ya nje

Nyumba hii ilikuwa imezeeka kabla saruji ya Portland haijajulikana duniani. Joseph Aspdin wa Leeds aliisajili mwaka 1824. Kwa karne nyingi kuta hizi zilipigwa lipu ya chokaa na mchanga iliyotiwa nywele za ng'ombe, na kila baada ya miaka michache zikapakwa chokaa nyepesi. Lipu ya aina hiyo haizuii maji yote, wala haikukusudiwa kuyazuia. Mvua ikipiga, ukuta hunywa kidogo. Upepo na jua vikija, hutoa ulichokunywa. Kila chumba kina watu wanaopumua, na ukuta nao hupumua pamoja nao.

Mafundi waliotumwa wakati wa wadhamini waliowatangulia walibandua chokaa na kupiga saruji. Saruji ni ngumu na haina subira. Udongo hujongea kidogo kwa joto na baridi, saruji haiwezi kuufuata, hivyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia kwa nyufa hizo na kushuka nyuma ya saruji, na ikishafika chini haina pa kutokea. Ukuta wa kobu uliolowa miguuni hauanguki kwa kupinda kidogo kidogo na kukupa muda wa kuhama. Hulainika ndani kwa miaka huku kwa nje unaonekana mzima, kisha siku moja huketi chini ghafla na paa juu yake.

Februari mwaka huu kipande cha saruji chenye ukubwa wa sahani kilidondoka nyuma ya banda la kuni. Niliinama na tochi nikatia mkono. Kidole kilizama mpaka kifundo cha pili bila kusukuma, kama kwenye unga wa maandazi uliozidi maji. Nilichomoa ubua mmoja: mweusi, umeoza, ukakatika mkononi, unanuka zizi. Jioni ile ile nilipanda darini, mahali ambapo ukuta huo huo unafika juu bila lipu yoyote. Udongo ulikuwa mkavu na mgumu hata ukucha haukuukwaruza, na ubua uliochungulia ulikuwa wa rangi ya dhahabu, unang'aa kana kwamba umevunwa mwaka jana. Ni ukuta mmoja, udongo mmoja, mikono ile ile. Kilichotofautiana ni saruji tu.

Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi kila ufa mmeuziba, tena haraka, na mmeuziba kwa saruji. Kila mlipoziba mliyafungia maji ndani. Picha za tarehe zote hizo nimewatumia.

2. Viatu vilivyozikwa

Barabara imepandishwa kwa lami mara kadhaa, na bustani ya nyuma imejazwa udongo, hata msingi wa mawe hauonekani tena upande wa kaskazini. Ardhi sasa inagusa kobu moja kwa moja. Ndani nako sakafu ya zamani iling'olewa, ikamwagwa zege juu ya karatasi ya plastiki. Unyevu wa ardhini uliokuwa ukipanda na kupotelea hewani katikati ya chumba sasa unasukumwa pembeni, unakwenda kuutafuta ukuta. Chumvi nyeupe imechora mstari sebuleni usawa wa kiti. Nguo za kabati la chini huota ukungu kabla ya Krismasi kila mwaka, na mwanangu mdogo anatumia dawa ya kuvuta ya pumu ambayo hakuwa nayo tulipohamia.

3. Dawa ya kuchoma ukutani

Mtu mliyemtuma Mei alibandika ukutani kifaa chenye sindano mbili, akasoma namba, akapendekeza mashimo yatobolewe usawa wa kifundo cha mguu na kusukumiwa kemikali ya kuzuia unyevu. Kifaa kile kimepimwa kwa ajili ya mbao. Ukutani, chumvi pekee yatosha kukipandisha. Na dawa ile ilibuniwa kwa kuta za matofali. Kutoboa safu ya mashimo chini ya ukuta wa udongo uliokwisha kulowa ni kuukata miguu. Nawaomba kazi hiyo ifutwe kabisa.

4. Paa

Septemba mlitutangazia kwamba paa litavuliwa lote mpaka kwenye mbao, kisha liezekwe kwa matete yanayoletwa kwa meli kutoka nje, kwa kuwa matete hudumu zaidi.

Nakubali kwamba paa limechoka. Kilele chake kimekatika sehemu tatu, na fundi yeyote atawaambia kilele cha paa la mabua hubadilishwa kila baada ya miaka kumi hadi kumi na tano. Hiki kimepita huko. Lakini je, kuna yeyote kati yenu aliyepanda darini akatazama upande wa chini wa paa hilo? Mwezekaji mmoja wa huku alinipandisha na taa yake. Juu ya ile iliyokuwa sebule, mabua ya tabaka la ndani kabisa ni meusi tititi, na mbao zilizoyabeba nazo zimevaa masizi yale yale, yanayong'aa kama sufuria ya kuni. Hayo ni masizi ya ule moto wa katikati ya sakafu, wa siku ambazo nyumba haikuwa na dohani. Waezekaji wa vizazi vyote waliofuata hawakuling'oa tabaka hilo. Walikwangua juu palipooza, wakaongeza mabua mapya, wakayabana kwa vijiti vya hezeli vilivyopasuliwa na kusokotwa, wakashuka. Hivyo ndivyo paa la Devon linavyokua, na ndiyo sababu katika baadhi ya nyumba za huku bado kuna mabua yaliyovunwa Enzi za Kati. Wataalamu wa mimea ya kale wameyachunguza mabua kama hayo wakakuta masuke ya nafaka na magugu ya mashamba yasiyokuwapo tena. Mwezekaji yule, mtu asiye na maneno mengi, alivua kofia yake pale juu tukiwa tumejikunyata, akaniambia nisiruhusu mtu aliguse.

Mkilivua paa mpaka kwenye mbao, siku moja ya kazi itayapeleka yote hayo kwenye skipu ya takataka.

5. Dirisha la jikoni

Mwaka 2021 dirisha la mwaloni lenye vioo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi liling'olewa, likawekwa la plastiki. Sijaona kibali cha kazi hiyo, nami nimekiulizia mara tatu.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine mmeshayasema.

Mtasema nyumba ni ya daraja la pili tu katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, si kasri. Majengo yaliyoorodheshwa Uingereza yanakaribia laki nne, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni ya daraja hilo hilo la pili. Sheria inayalinda mbele na nyuma, nje na ndani. Sheria ya mwaka 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa inakataza kuyabadili bila kibali kwa namna inayogusa sifa yake, ni kosa la jinai, na muda haulifuti: halmashauri inaweza kudai kazi hiyo irekebishwe hata ikipita miaka mingapi. Na kuhusu makasri, jengo la kwanza kabisa ambalo National Trust, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kihistoria, ililinunua, mwaka 1896 kwa pauni 10, lilikuwa nyumba ya kuezekwa ya kijijini Alfriston, Sussex. Sakafu ya ukumbi wake ni jiwe laini la chaki lililoshindiliwa na kufungwa kwa maziwa yaliyoganda. Nyumba aliyozaliwa mwandishi Thomas Hardy kule Dorset, nayo ni ya kobu na mabua, ilijengwa na baba wa babu yake mwaka 1800, na imetunzwa na shirika hilo hilo tangu 1948. Waingereza wenyewe walikwisha kuamua zamani kwamba nyumba ya mkulima ina thamani. Sibuni jambo jipya.

Mtasema sheria ya nishati inawalazimisha kuziba na kufunika kuta. Ni kweli kwamba tangu 2020 nyumba ya kupangisha haitakiwi kuwa chini ya daraja E katika vipimo vya matumizi ya nishati. Lakini kanuni hizo hizo zinatoa msamaha pale mtaalamu anapothibitisha kwa maandishi kwamba kufunika ukuta kutauharibu. Isitoshe, ukuta uliolowa hupoteza joto kuliko ukuta mkavu. Anayetaka nyumba hii iwe na joto aanze kwa kuukausha.

Mtasema saruji ipo tangu zamani na nyumba bado imesimama. Beit al-Ajaib ya Unguja ilisimama tangu 1883, na sote tuliozaliwa kivulini mwake tulidhani itasimama daima. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi sababu zake ni hizi zenu. Nasema tu kwamba nimeshawahi kupigiwa simu usiku na dada yangu akilia, na "bado imesimama" si neno linalonituliza tena.

Mtasema fedha. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa chokaa ni kazi ya polepole na fundi wake hulipwa kwa siku nyingi. Sidai nyumba nzima kwa mwaka mmoja. Lakini mashimo ya kemikali, lipu mpya ya saruji na dirisha la plastiki vyote mlivilipia au mmevitengea fedha, na hakuna hata kimoja kilichoikausha nyumba. Shirika alilolianzisha William Morris mwaka 1877 kulinda majengo ya kale limekuwa likifundisha tangu hapo kwamba matunzo madogo ya kila siku ndiyo yanayoepusha matengenezo makubwa. Kuchimba mtaro nyuma ya nyumba na kuufunua ule msingi wa mawe ni kazi ya sepeto na siku chache. Mume wangu amejitolea kuifanya kwa mikono yake mkimpa ruhusa ya maandishi. Hilo nalo niliwaandikia.

Na mtasema ni nguo zetu na mapishi yetu. Tulinunua mashine ya kukausha hewa wenyewe, inafanya kazi mchana na usiku, na bili ya umeme tunalipa sisi. Ukungu uko ukutani kaskazini na magharibi tu, palipo na saruji inayolia. Chumba cha kusini, ambako fundi wenu hakufika na chokaa ya zamani ingali ukutani, ndiko tunakoanika nguo. Hakina ukungu.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kabla ya mwisho wa Januari, mtumeni mhandisi au mpimaji aliyezoea kobu aje kuupima ukuta wa kaskazini kwa kutoa sampuli ndani ya udongo wenyewe, na nipewe nakala ya ripoti. Akisema si salama, tuhamishwe mara moja, tena kwa gharama yenu. Sheria ya mwaka 2018 inayomtaka mwenye nyumba ya kupanga kuiweka iwe ya kukalika na binadamu imetaja unyevu waziwazi. Sitamani kufika mahakamani. Natamani nyumba ipone.

Pili, ardhi ishushwe mpaka msingi uonekane, kuanzia sasa, maana kazi hiyo haingoji majira.

Tatu, saruji ibanduliwe kwa awamu, ukuta upewe muda wa kukauka, ndipo upigwe lipu ya chokaa. Hili haliwezi kufanywa wakati wa baridi kali, kwa sababu chokaa mbichi ikigandishwa na barafu hubomoka. Anzeni Aprili, ili mpaka Septemba upande wa kaskazini uwe umevaa.

Nne, paa liezekwe kwa mabua ya ngano kama lilivyokuwa, juu ya tabaka la zamani, na masizi yaachwe yalipo. Mpango wa kulivua usimamishwe kwa maandishi. Afisa wa halmashauri, nakala hii nimekuletea hasa kwa ajili ya jambo hili: nakuomba upande darini mwenyewe na taa kabla ya kusaini chochote.

Tano, nijibiwe kuhusu kibali cha dirisha.

Nangoja jibu lenye tarehe na jina la mtu atakayehusika, ndani ya siku ishirini na nane. Nikilipata nitalichapisha hapa hapa nilipochapisha barua hii, neno kwa neno, na shukrani zangu nitaziweka juu yake.

Jumamosi asubuhi huwa nipo nyumbani. Mlango wa mbele ni mfupi, mtainama kidogo. Nitawapa chai, kisha nitawaomba kila mmoja wenu aukunje mkono wake augonge ukuta wa kusini, halafu tuzunguke nje mpaka kaskazini, mgonge tena.

Wenu kwa heshima,

Mpangaji,
nyumba ya mwisho kabla ya daraja